Usiku wa Nyuzi 98

Mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho kwenye skrini, ananisomea kwa sauti nyuzi za joto la kompyuta yetu.

"Sabini na tisa. Themanini na nne. Kaka, themanini na nane."

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, kiganja nyuma ya kesi, nasubiri hewa ya moto itoke. Haikutoka. Hewa iliyonigusa mkono ilikuwa ya uvuguvugu tu.

"Tisini na nane. Bado tisini na nane. Haipandi tena."

Kwa sekunde chache nilidhani joto limetulia. Kisha nikaona dirisha la pembeni: kasi ilikuwa imeporomoka. Prosesa, kile kipande kinachopiga hesabu za kompyuta, ilikuwa imefika kwenye kikomo chake cha joto na kuanza kujipunguzia mwendo ili isiungue. Tulikuwa tumeipandisha kasi kupita ile ya kiwandani na tunajaribu kama itahimili. Nikamwambia asimamishe jaribio. Tangu alipobonyeza kitufe cha kuanza, hata dakika mbili hazijaisha.

Ilikuwa mwaka 2012. Prosesa yetu ilikuwa Intel Core i5-2500K, toleo la Januari 2011, na mashine tuliiunganisha wenyewe, kipande kwa kipande. Ile herufi K ndiyo iliyonifanya niichague. Kasi ya prosesa hizi hupatikana kwa kuzidisha saa ya msingi, yaani mapigo yanayoongoza mashine nzima, ya megahezi 100: 33 mara 100, unapata gigahezi 3.3. Kwenye prosesa nyingi za ukoo ule namba ya kuzidishia imefungwa, kwenye K iko wazi. Saa ya msingi yenyewe huwezi kuivuta mbali, kwa sababu njia za diski na za USB zinaitegemea hiyo hiyo. Ukiisogeza asilimia chache tu, mashine inaanza kuyumba.

Haraka yetu ilikuwa na sababu. Mdogo wangu alikuwa amemaliza katuni yake ya kwanza kwenye Blender, programu ya kutengeneza katuni, sekunde 40, fremu (picha moja moja) 1,000, na kila fremu ilichukua kama dakika nne kurenda, yaani kompyuta kuichora hadi ikamilike. Piga hesabu: zaidi ya saa 66 mfululizo. Alikuwa amebakiwa na siku tatu, na alikuwa bado anataka kurekebisha mwanga wa sehemu ya mwisho. Alikuwa ameifanyia kazi ile katuni miezi mingi, usiku kwa usiku, na sikutaka aikabidhi ikiwa na mwanga asioupenda kwa sababu tu ya kukosa muda wa saa kumi na kitu, ambao kasi kubwa zaidi ingetupa.

Basi nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaweka namba ya kuzidishia 45, volti nikaiacha kwenye hali ya kujipangia. Hapo ndipo nilipokosea. Mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote, ikiachiwa volti ijipangie, hujiwekea akiba: inasukuma umeme wa kutosha hata kwa prosesa dhaifu kuliko zote za aina ile. Kwetu ilisukuma volti 1.41, wakati kwa kasi ya kawaida ilikuwa inatumia kama 1.20. Na volti si jambo dogo. Moto wa prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake. Tuliongeza kasi kwa kama theluthi moja, moto ukakaribia mara 1.8.

Hata hivyo hesabu hiyo haikueleza ule uvuguvugu. Kama prosesa inatoa moto kiasi hicho, kwa nini mapezi ya kipoozeo, kile chuma kinachokaa juu yake kuondoa moto, hayachemki? Nikazima mashine, nikachomoa waya wa umeme, nikagusa mapezi kwa kidole. Yalikuwa karibu baridi. Ina maana moto ulikuwa unazalishwa pale chini na haupati njia ya kupanda juu.

Kipoozeo chetu kilikuwa cha mnara mdogo, kinachoshikiliwa na miguu minne ya plastiki unayoisukuma kwenye mazabodi hadi usikie ikilia "tak". Nilipokivua, pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoozeo ili kupitisha moto, ilinionyesha kila kitu. Upande mmoja wa kifuniko cha prosesa ilikuwa imebanwa ikawa utando mwembamba, karibu uone chuma. Upande wa pili ilikuwa bado imesimama kwa vichongo vidogo vidogo, jinsi inavyokuwa pale vitu viwili vilipogusana kidogo kisha vikaachana. Mguu mmoja wa kona haukuwa umeingia. Ulionekana umeingia, lakini tulipogeuza mazabodi tukaona ncha yake imeishia njiani.

"Nilisikia tak nne," mdogo wangu akasema, sauti ya chini. Yeye ndiye aliyekuwa ameusukuma.

"Hata mimi nilisikia nne," nikamwambia, na ni kweli.

Tulifuta pesti yote kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, tukaweka tone moja katikati, ukubwa wa punje ya choroko. Watu hubishana sana kuhusu namna ya kupaka. Mimi naamini shinikizo lililo sawa pembe zote nne lina uzito kuliko umbo la lile tone. Safari hii tulisukuma miguu kwa mshazari, kona kwa kona, mazabodi ikiwa nje ya kesi ili tuone kwa macho kila ncha ikijipanua kwa nyuma.

Kisha tukaanza upya kwa utaratibu ambao ningepaswa kuufuata tangu mwanzo. Volti niliishika mwenyewe: nikaiweka 1.25, nikapandisha namba ya kuzidishia hatua moja moja. Kwenye 40, sawa. 42, sawa. Kila hatua tuliipima kwa Prime95, programu aliyoiandika George Woltman kwa ajili ya kutafuta namba tasa za Mersenne, ambayo wapandisha kasi huitumia kwa sababu inabana prosesa kwelikweli na inalijua jibu sahihi. Prosesa ikikosea hesabu, inakwambia.

Kwenye 44 ilituambia. Viini vitatu, yaani sehemu za prosesa zinazopiga hesabu kila moja kivyake, viliendelea, cha nne kikasimama na ujumbe kwamba kosa la kukadiria ni 0.5 wakati lilipaswa kuwa chini ya 0.4. Mashine haikuganda wala haikuleta skrini ya bluu. Mtu asiyepima angefikiri kila kitu kiko salama, kumbe kiini kimoja kinatoa majibu ya uongo. Hilo lilinitisha kuliko zile nyuzi 98. Joto likizidi, prosesa inajitetea. Hesabu mbovu ingeingia kwenye fremu za mdogo wangu kimya kimya.

Tulijaribu 45 kwa volti 1.32. Ilifaulu dakika 20, kwenye nyuzi 82. Tukarudi kwenye 43 na 1.25: nyuzi 71, saa nne bila kosa hata moja.

"Kaka, si 45 imekubali?" akauliza.

Nikamweleza kwamba megahezi 200 zile zinatudai nyuzi 11, na sasa ni usiku. Kipoozeo cha hewa hakiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba, na chumba kikipata joto mchana, prosesa nayo inapanda kwa kiasi karibu hicho hicho. Yeye alikuwa anakwenda kurenda siku mbili mfululizo, mchana na usiku. Akanyamaza, akaangalia dirisha, kisha akasema, "Basi 43."

Mchana wa kesho yake, fremu zikiendelea, ilipanda hadi 75. Kazi nzima ilichukua saa 53. Ule mwanga wa mwisho aliurekebisha, na aliporidhika alinionyesha sehemu hiyo mara tatu.

Usiku ule kabla ya kufunga kesi niliandika kwenye kipande cha karatasi: 43, 1.25, 71, na tarehe. Nikakibandika upande wa ndani wa kifuniko. Mashine ile sasa ni ya mdogo wangu. Kila akiifungua kupuliza vumbi hunitumia picha ya karatasi ile, na chini ya namba zangu huongeza kwa kalamu nyuzi alizosoma siku hiyo.