Hapa Nimeacha Kuogopa

Mswada wangu ulirudi Tanga kwa basi, Alhamisi moja ya Novemba 2016, miezi tisa tangu nilipoupeleka kwa mchapishaji. Kijana wa ofisi ya vifurushi katika stendi ya Kange alinipigia simu asubuhi, akaniambia kwamba kuna bahasha yangu kubwa imetoka Dar es Salaam na kwamba nisisahau kitambulisho. Sikuhitaji kuifungua ili nilijue jibu, kwa maana mchapishaji akiupenda mswada huubakiza mezani kwake na kumwita mwandishi wazungumze mkataba. Unaorudi umekataliwa. Nilipanda daladala kutoka Ngamiani nikiwa katika hali ya mtu anayefuata majibu ya hospitali ambayo ameshayasoma usoni mwa daktari.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya kutisha, na niliiita Usiitike. Ilikuwa na kurasa 212, ambazo nilizitoa katika steshenari ya mtaani kwetu kwa shilingi 100 kila ukurasa, na fedha hizo nilizikusanya kwa kushona sare za shule. Nilikuwa nimeijenga juu ya onyo ambalo mtoto wa pwani hulipata kabla hajajua kusoma: ukisikia jina lako linaitwa usiku na humwoni anayekuita, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu, kwa sababu asiye binadamu haiti mara tatu. Mahali pa hadithi palikuwa kisiwa cha Toten, kile kisiwa kidogo cha miti kilichomo ndani ya ghuba yetu. Watu waliwahi kuishi pale, wakaacha makaburi na misikiti ambayo sasa ni magofu, na jina lenyewe ni la Kijerumani, maana yake wafu. Mtu akizaliwa mbele ya kisiwa kama hicho, akataka kuandika hadithi za kutisha, kisha akaenda kuazima majumba ya Ulaya yenye theluji na ngazi zinazolia, atakuwa ameuacha urithi wake ukioza mlangoni. Hilo nililiamini wakati ule na ninaliamini hadi leo.

Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila nilichokipeleka: tarehe, kilikokwenda, na jibu. Hadi siku ile lilikuwa na mistari kumi na mmoja. Saba ilikuwa na neno "hapana", mitatu ilikuwa mitupu kwa sababu wahusika hawakujibu kabisa, na wa kumi na moja ndio uliokuwa ukinisubiri Kange. Ndani ya jalada la daftari nilikuwa nimenakili habari za kunitia moyo. Niliandika kwamba riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley ilikataliwa na wachapishaji kabla ya mwingine wa London kukubali kuitoa Januari 1818, nakala 500 tu, bila ya jina la mwandishi. Niliandika pia kwamba H. P. Lovecraft, Mmarekani mwandishi wa hadithi za kutisha, aliipeleka riwaya yake ya Antaktika kwa jarida la Weird Tales mwaka 1931, mhariri akaikataa, na haikuonekana mpaka mwaka 1936, tena katika jarida jingine. Nilizisoma habari hizo kila nilipokataliwa, na zilinifariji kweli. Lakini zilinizoeza jambo moja baya, nalo ni kuamini kwamba anayekataa ndiye mwenye kosa siku zote, na kwamba mwandishi hana kazi nyingine ila kusubiri mlango mwingine ufunguke.

Bahasha niliifungulia pale pale stendi, kwenye benchi la abiria, kando ya mama aliyekuwa na kiroba cha machungwa ya Muheza. Barua ilikuwa ya aya mbili, imepigwa chapa na ina mhuri. Aya ya kwanza ilinishukuru. Ya pili ilieleza kwamba vitabu vya kampuni hununuliwa zaidi na shule, kwamba kitabu cha namna hii hakitarajiwi kupata ithibati ya kutumika shuleni, na kwamba hadithi yangu ingeweza kuonekana kuwa inaeneza imani za kishirikina. Nimewasikia waandishi wenzangu wakiidharau sababu hiyo ya mwisho wanapoandikiwa, wakisema kwamba ni woga wa watu wa ofisini. Mimi sikuidharau hata siku ile nilipokuwa na uchungu. Nchi hii imewazika vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, na imewazika watu wenye ualbino waliokatwa viungo ili vipelekwe kwa waganga. Mhariri anayesita mbele ya hadithi yenye mganga ana haki ya kusita.

Nilikuwa nimeshaanza kuzirudisha karatasi ndani ya bahasha nilipoona alama. Vilikuwa vistari vifupi pembeni mwa maandishi, vya penseli, vilivyochorwa na mtu ambaye hakukandamiza mkono. Ukurasa wa 9 ulikuwa na kimoja. Wa 23 ulikuwa na viwili. Ukurasa wa 61, ambapo mvuvi kijana anaitwa kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya mama yake aliyemwacha Pangani, ulikuwa na vitatu, na juu ya vistari hivyo palikuwa na duara la rangi ya chai, limekatika upande mmoja, la kikombe kilichowekwa juu ya karatasi kikasahauliwa. Nililigusa kwa kidole. Karatasi ilikuwa imejikunja kidogo mahali pale. Kwa miezi tisa nilikuwa nikimfikiria mchapishaji kama jengo lenye ngazi na mlinzi, na kumbe ndani yake alikuwamo mtu aliyekisoma nilichokiandika usiku kwenye cherehani yangu, akaisahau chai yake.

Niliendelea kufunua. Katika ukurasa wa 87, katikati ya sura ya tano, palikuwa na maneno matatu kwa mwandiko wa kulala: "Hapa nimeacha kuogopa." Baada ya hapo hapakuwa na alama yoyote, hata nukta, mpaka ukurasa wa 212.

Nilikasirika kuliko nilivyokasirishwa na barua. Kurasa zile za sura ya tano ndizo nilizozihangaikia zaidi ya zote, ndizo nilizokwenda kuulizia habari zake kwa wazee, na ndizo nilizodhani zinaonyesha kwamba ninaijua pwani. Nikazisoma ndani ya daladala, nikazisoma tena nyumbani nikiwa nimeiacha kazi ya watu juu ya meza, na ilipofika alasiri hasira ilikuwa imenitoka, ikaniachia aibu. Katika sura ile nilikuwa nimemleta mganga. Mganga huyo alieleza, kwa kurasa kumi na nne, kwamba sauti ya kisiwani ni ya jini fulani. Akalitaja jina lake, kabila lake, mfanyabiashara aliyemfuga, sababu ya kuachwa Toten, na kafara analolitaka ili aondoke. Kilichokuwa sauti gizani kikawa na ukoo na bei. Na chenye bei hulipwa kikaondoka. Hakuna wa kukiogopa tena. Nikaona pia kwamba sura hiyo hiyo ndiyo iliyowatia hofu wenye barua, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na mganga.

Jioni nilikwenda kwa mjomba, kaka yake marehemu mama, ambaye hadithi ilitoka kwake. Alikuwa amevua kwa zaidi ya miaka arobaini, na wakati ule alikuwa ameshastaafu bahari, ila nyavu za vijana wa soko la samaki la Deep Sea zilikuwa bado zikiletwa kwake zitengenezwe. Nilimkuta barazani na sindano yake ya nyavu, na kikombe cha kahawa pembeni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekunja uso?"

"Nisimulie tena ile ya Toten."

"Si ulisema umeshaiandika?"

"Niliiandika vibaya, mjomba."

Hakuuliza zaidi. Alisimulia kama alivyosimulia daima, mkono ukiendelea na kazi. Walikuwa watatu ndani ya ngalawa, yeye, rafiki yake ambaye sasa ni marehemu, na kijana mmoja mgeni wa kazi, wakivua kwa mshipi nyuma ya kisiwa, usiku wa giza, upepo umekufa. Kijana akaitwa jina lake, kwa sauti ya mama yake, kutoka kwenye miti. Mjomba akamziba mdomo kwa kiganja. Akaitwa mara ya pili. Wakaikata mishipi, wakaikata na kamba ya nanga, wakashika makafi na kurudi pwani bila ya mtu kusema neno.

Hapo ndipo mahali ambapo mimi, tangu nikiwa na miaka saba, huuliza: "Ilikuwa nini, mjomba?" Naye hujibu kwamba Mungu ndiye ajuaye, na hadithi ikaisha. Jioni ile swali lilinifika mdomoni nikalizuia. Nikaushika upindo wa kanga yangu nikautia menoni, nikatazama uzi unavyoingia na kutoka kwenye tundu za wavu. Mjomba alifunga fundo moja, akafunga la pili, akalikaza kwa kidole gumba. Kisha akasema:

"Tulipofika pwani yule kijana alikuwa anatetemeka. Akaniuliza, 'Kaka, nani kaitika?'"

Sikusema kitu.

"Maana alisikia mtu kaitika, mle mle chomboni. Na mimi nilisikia. Nikadhani ni yeye."

Akainama akatafuta tundu jingine, akaniuliza kama nimekula.

Niliondoka pale usiku umeshaingia, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani nikipita katikati ya barabara, mbali na vichochoro, na nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nikiisikiliza hadithi ile bila ya kuisikia sentensi yake ya mwisho, kwa sababu kila mara niliizima mimi mwenyewe kwa kutaka nielezwe.

Mswada ulikaa nami miezi mitano mingine. Niliitoa sura ya tano yote, na nyingine mbili zilizosimama juu yake zikaanguka pamoja nayo, mpaka kurasa 212 zikawa 131. Kutoka humo nilikata kipande cha kurasa kumi na nne, kinachoishia kwenye swali la yule kijana, nikakituma kwa mhariri aliyekuwa akikusanya hadithi fupi. Agosti 2017, nikiwa natia vifungo katika shati la mwanafunzi, akanipigia simu: hadithi imekubaliwa, marekebisho ni mawili tu ya tahajia, na malipo ni shilingi 80,000. Fundi mwenzangu alidhani nimefiwa, kwa jinsi nilivyokaa chini sakafuni na sindano mkononi. Katika mstari wa kumi na mbili wa daftari niliandika "ndiyo", kwa herufi ndogo, kwa kuwa nafasi iliyobaki chini ya ukurasa ilikuwa ndogo.

Riwaya kamili ilikataliwa mara mbili tena, zote kwa habari ya shule, na mara hizo sikuona kwamba mtu amekosea. Nikaichapisha mwenyewe. Niliomba ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, nikatafuta kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam, nikalipia nakala 300 kwa awamu tatu, na nikaziuza kwa mkono: kwa wateja wa sare, kwa walimu, kwa abiria, kwa wavuvi ambao walinunua kwa heshima ya mjomba kisha wakarudi kubishana nami juu ya nani aliyeitika. Mabishano hayo niliyapenda kuliko fedha. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyenitaka nitoe la kwangu.

Mjomba alipata nakala ya pili iliyotoka katika boksi, akasomewa na mjukuu wake. Ya kwanza niliiweka kando. Ndani ya jalada niliandika kwa penseli, "Kwa msomaji wa ukurasa wa 87." Sikuwa na jina la kuandika, barua ilikuwa na saini ya meneja, na mwandiko ule wa kulala haukufanana na saini ile hata kidogo. Nikakifunga kitabu kwa karatasi ya kaki, nikaandika anwani ya kampuni, na chini ya anwani nikaongeza: apewe aliyeusoma mswada wa Usiitike na kuurudisha Novemba 2016.

Kijana wa vifurushi wa Kange alikuwa yule yule, na alinikumbuka. Akaisoma anwani, akaniuliza kama hawa si ndio walionirudishia ile bahasha kubwa. Nikamwambia ndio. Akaandika kwenye risiti "kitabu 1", akakiweka juu ya mizigo mingine ili kisikandamizwe. Kwa wiki nyingi baada ya hapo, kila iliponiita namba nisiyoijua niliacha cherehani na kupokea haraka, nikidhani ni Kange.

Kitabu hakikurudi.