Pishi 180,000 za Ami

Wete, Jumapili usiku

Jana jioni kitufe changu kilitangaza kwamba Ami amepima pishi 180,000 na ushei za karafuu mbichi. Pakacha la kwanza lilikuwa halijafika nusu. Ami akaitazama skrini, akanitazama mimi. "Mwanangu, hizi nani atazilipa?"

Wachumaji walicheka. Mimi uso ulinishuka, maana wao hulipwa kwa pishi, na hicho kikompyuta nilikileta kwa mbwembwe: pishi ikimwagwa, bonyeza mara moja, hesabu ipande moja.

Kosa nililiona usiku, ndani ya draiva, programu ya kuiwezesha kompyuta kusikia kitufe, niliyoiandika mwenyewe. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha hicho kikompyuta, ukiomba katizo, yaani ile ishara ya kuishtua prosesa (ubongo wa kompyuta) iache iliyokuwa ikifanya, unasema kwa namba lije wakati gani. 1 ni volti inapopanda, 2 inaposhuka, 4 ikiwa juu, 8 ikiwa chini. Kitufe changu kikibonyezwa huvuta waya chini, nami nikaandika 8. Sasa, 8 maana yake si "kimebonyezwa". Ni "maadamu kimebonyezwa". Prosesa ikimaliza kuhudumia inakuta waya ungali chini, inaitwa tena. Hodi, hodi, hodi, mpaka kiganja kiondoke. Na Ami habonyezi kwa ncha ya kidole. Hukandamiza huku akimwita mchumaji anayefuata.

(8 yenyewe haina ubaya. Vihisi vingi huitaka, kwa sababu ukishavisoma huuachia waya vyenyewe. Kiganja cha Ami hakisomeki.)

Nikaweka 2. Nikabonyeza mara kumi pale jikoni, ikahesabu kumi na nne. Hii ndiyo iliyonitisha. Laki kila mtu anajua ni uongo, lakini kumi na nne ingelipwa. Vibati vya ndani ya swichi hugusana, vikadunda, vikagusana tena, yote ndani ya milisekunde chache, na kila mdundo ni volti kushuka upya. Basi nikaifundisha kungoja: katizo likija, anza kuhesabu milisekunde 20, likija jingine, anza upya, zikitimia, tazama waya. Uko chini? Ongeza moja. Uko juu? Nyamaza.

Leo Ami alikuja na daftari lake, kalamu sikioni, akawa anapiga vijistari kila anapobonyeza. Foleni ilipoisha, skrini 63, daftari 63.

Akalifunga, akalitia mfukoni. "Kesho pia nitakuja nalo."