Kuunguza saratani ya matiti iliyofika kwenye ini: ninavyoifanya

Kuunguza ni kuingiza sindano kupitia ngozi hadi kwenye uvimbe na kuua seli zake kwa joto. Mgonjwa ninayemkubali ni yule ambaye dawa zimeutuliza ugonjwa wake, mwenye vivimbe vichache kwenye ini, visizidi vitatu, na kila kimoja kisichozidi sentimita 3. Saratani ikiwa bado inasambaa mwilini, kuunguza ini hakumfai kitu. Namrudisha kwa daktari wa saratani abadilishiwe dawa. Kabla ya yote nachukua kinyama cha uvimbe, kwa kuwa vipokezi vya homoni na HER2 (protini ya juu ya seli inayochochea saratani kukua) vya kwenye ini huenda visifanane na vya kwenye titi, na jibu hilo huamua dawa.

Usifanye kazi kwa picha ya zamani. Dawa ikimkubali mgonjwa, uvimbe husinyaa hadi usionekane kwenye ultrasaundi, ilhali seli hai zimebaki palepale. Kemotherapi nayo hulijaza ini mafuta, au hulikunja likafanana na lenye sirosisi (makovu ya ini), na ini la namna hiyo huvuja damu upesi. INR, kipimo cha kuganda kwa damu, isizidi 1.5, na chembe sahani, zinazogandisha damu, zisipungue 50,000 kwa mikrolita. Ninayemwogopa zaidi ni mgonjwa ambaye mfereji wake wa nyongo umeunganishwa na utumbo: bakteria huwa wameshapanda, na sehemu iliyoungua hugeuka jipu.

Kati ya njia mbili za kuleta joto kwenye sindano, napenda mikrowevu kuliko mawimbi ya redio. Mshipa wa damu wenye upana unaozidi milimita 3 hupoza joto la mawimbi ya redio, na seli zilizoegemea mshipa huo husalimika. Mikrowevu husumbuliwa kidogo na hilo. Ila karibu na mfereji mkuu wa nyongo siunguzi kwa chombo chochote, maana mfereji ukiungua huziba.

Hesabu inayowaponza wengi ni ya ukingo. Lazima iungue pia milimita 10 ya ini lisilo na ugonjwa kila upande wa uvimbe. Milimita 5 ndiyo kiwango cha chini kabisa. Uvimbe wa sentimita 2 basi unadai sentimita 4, na wa 3 unadai 5, ambazo mara nyingi sindano moja haizifikishi. Hapo naweka mbili, au naisogeza na kuunguza tena.

Mgonjwa hupewa nusukaputi ili pumzi isimamishwe sindano inapoingia. Utumbo ukiwa umegusa ini, nausukuma kando kwa maji ya dekstrozi (sukari) 5%. Ya chumvi siyatumii, kwa kuwa hupitisha umeme wa mawimbi ya redio. Naanza na uvimbe wa ndani zaidi, kwa sababu mapovu ya mvuke huziba picha ya vilivyo chini yake. Kutoka, naiunguza njia ya sindano polepole hadi ukingo wa ini, isivuje damu wala kuacha seli njiani, kisha nazima kabla ya ngozi.

Hajaamshwa bado, napiga CT yenye dawa ya rangi na kuilinganisha na ya mwanzo. Upande wenye ukingo mwembamba huunguzwa tena hapohapo.

Homa ndogo na uchovu wa siku chache ni kawaida. Homa ya kutetemeka baada ya wiki ni jipu hadi ithibitishwe vingine. MRI hufuata baada ya wiki 4 hadi 6, halafu kila miezi 3. Utepe mwembamba unaozunguka sehemu iliyoungua, ulio sawa pande zote, haunitishi, kinundu pembeni kinanitisha. Na mgonjwa aambiwe mapema: ripoti ya kwanza itaandika kovu kubwa kuliko uvimbe wenyewe, kwa sababu ukingo umehesabiwa humo.