Matangi matatu tu

Wiki hii nimekuwa nikipanga kumpeleka mpwa wangu kwenye akwariamu, jumba la kutazamia viumbe wa majini, na jambo la kwanza nililoandika kwenye daftari si saa ya kufunguliwa wala njia ya kufika. Nimeandika "matangi matatu tu" nikapiga mstari chini yake. Akwariamu kubwa ina matangi kwa makumi, na asiyeamua mapema huyapita yote mbio mbio akatoka bila kumjua hata kiumbe mmoja.

Simama siku moja kando ya tangi, uwaangalie watu badala ya samaki. Wengi hufika, hutupa jicho, wakikosa kinachotembea husema "humu hamna kitu", kisha hao, wanaelekea tangi linalofuata. Kumbe kitu kimo. Taa, yule samaki bapa mwenye mkia wa mjeledi, amejifukia mchangani hadi yamebaki macho mawili na matundu mawili ya kupumulia nyuma yake. Chewa amejibanza chini ya jiwe, na madoa ya ngozi yake hayana tofauti na madoa ya jiwe lenyewe. Viumbe hawa wamepona mamilioni ya miaka kwa kutoonekana, na tabia hiyo hawaiachi kwa kuwa wamewekwa nyuma ya kioo. Anayetaka kuwaona sharti akae.

Basi sisi tutakaa. Tangi la kwanza ni la pweza, la pili la yavuyavu, la tatu ni lile kubwa la papa na taa. Hayo mengine tukipita njiani tutayaangalia kwa furaha, lakini hayatudai muda.

Nimechukua tiketi za katikati ya wiki, zamu ya kwanza ya asubuhi. Siku hizi akwariamu nyingi huuza tiketi zenye saa ya kuingia, na hilo limenirahisishia kazi. Mwanzoni watu huwa wachache, na makundi ya wanafunzi bado yako njiani. Tena wageni wengi huanzia tangi la mlangoni na kwenda kwa mpangilio, kwa hiyo sisi tutapita moja kwa moja hadi kwa pweza, halafu turudi nyuma polepole. Dirisha la pweza kwa kawaida ni dogo, linatosha watu wawili watatu, na chumba chake kina giza. Macho yaliyotoka juani huhitaji muda mrefu kuzoea giza, hata nusu saa ikitakiwa kuona vizuri kabisa. Mtu anayekaa dakika mbili anaondoka kabla macho yake hayajaanza kufanya kazi.

Pweza nimemchagua mimi, sikumwachia mtoto achague. Nataka auone ngozi ile kwa karibu. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vya rangi, kila kimoja kimezungukwa na misuli. Misuli ikivuta, kifuko kinapanuka na rangi inatokeza. Ikilegea, rangi inajificha. Ndiyo maana doa jekundu linaweza kutambaa mgongoni mwake likafifia kabla hujamwonyesha mwenzako. Ana mioyo mitatu, damu yake ina rangi ya bluu kwa sababu hubeba oksijeni kwa shaba na si kwa chuma kama yetu, na sehemu kubwa ya neva zake ziko mikononi, si kichwani. Vile vikombe vya kunyonya vilivyojipanga mkononi huonja kila vinachokigusa. Mkono unaotambaa kwenye kioo mbele ya uso wako unakionja kioo hicho.

Mpwa wangu ameshasikia habari za pweza aliyetoroka. Mwaka 2016 huko Napier, New Zealand, pweza aliyeitwa Inky alipita kwenye upenyo juu ya tangi lake, akatambaa sakafuni, akaingia kwenye bomba linalotoa maji kuelekea baharini, akaenda zake. Mtoto ameifurahia hadithi hiyo kupita kiasi na ameniuliza kama wetu naye atatoroka. Nimemjibu kwamba walezi wa pweza hufunga vifuniko kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa mwili usio na mfupa hata mmoja hupita popote panapopita mdomo wake mgumu.

Maswali yake ndiyo yaliyonisukuma nisome zaidi. Juzi alinijia na hili:

"Mjomba, samaki wanafumbaje macho wakitaka kulala?"

"Hawafumbi. Wengi wao hawana kope."

"Sasa utajuaje kama amelala?"

Swali zuri, na jibu lake linategemea samaki. Kuna wanaojichimbia mchangani giza likiingia, wapo wanaojiegemeza kwenye matumbawe na kupunguza kupumua, wapo papa wanaolala chini kabisa huku wakisukuma maji kupitia mdomoni hadi kwenye matamvua ili wasikose hewa. Wazee waliomfananisha mtu aliyelala fofofo na pono walimjua samaki wao vizuri: baadhi ya jamii za pono hutoa ute mdomoni kila usiku wakajitengenezea mfuko mwepesi unaoonyesha hadi ndani, wakalala humo mpaka asubuhi.

Hapo mtoto alipata mwenyewe jibu la jambo nililotaka kumwonya. Kama samaki hana kope, mwanga wa ghafla wa kamera hana namna ya kuukwepa. Tumekubaliana kwamba flashi itazimwa kabla hatujaingia mlangoni. Kuhusu kugonga kioo nilimweleza kwamba sauti husafiri majini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na samaki ana mstari wa vihisio ubavuni unaonasa hata mtikisiko mdogo wa maji. Kidole kinachogonga kioo hakimsalimii. Kinamshtua, naye hana mlango wa kutokea.

Kuna habari moja kutoka Japani ambayo siachi kuifikiria. Mwaka 2020, akwariamu ya Sumida jijini Tokyo ilipofungwa kwa sababu ya korona, mikunga wadogo wembamba wanaoishi kwenye mashimo ya mchangani walianza kuwasahau binadamu. Kawaida yao ilikuwa kusimama nusu mwili nje ya mashimo, watu wakipita hawajali. Kumbi zilipokuwa tupu kwa wiki kadhaa, kila mfanyakazi aliyekaribia aliwafanya wazame mchangani, ikawa vigumu hata kukagua afya zao. Mwezi Mei wafanyakazi wakapanga vishikwambi mbele ya tangi na kuwaomba watu wapige simu za video kutoka majumbani, waonyeshe nyuso zao na kupunga mikono, bila kupiga kelele. Nimesoma habari hiyo mara nyingi. Nilizoea kudhani kuwa mgeni ni mtazamaji tu na kwamba kuja kwake hakubadilishi kitu. Mikunga wale wanasema vingine: nyuso zetu ni sehemu ya mazingira yao, sawa na mchanga na mkondo wa maji. Ukilijua hilo, namna unavyosogea kwenye kioo inabadilika.

Kuchagua akwariamu yenyewe kulinichukua muda mrefu kuliko mambo yote mengine. Nilitaka mahali penye ithibati ya chama cha akwariamu kinachokagua hali za wanyama, na mahali panaposema waziwazi wanyama wake wametoka wapi. Hili si dogo. Samaki wengi wa maji baridi wanaofugwa kwa maonyesho huzalishwa na watu, ila wengi wa wale wenye rangi za kuvutia wa maji chumvi bado wanavuliwa kwenye matumbawe. Akwariamu inayozalisha farasi-bahari wake, au inayokuza matumbawe kutoka vipande vya matumbawe yake yenyewe, kwangu inapita ile yenye spishi nyingi zaidi. Nyangumi na pomboo wanaorukishwa kwa makofi siendi kuwaona. Kanada ilipitisha sheria mwaka 2019 ya kuzuia kuwafuga, isipokuwa wale waliokuwa tayari wamefungiwa, na nadhani ilifanya la haki. Mnyama anayezoea kuogelea kilomita nyingi kila siku na kusikiliza kwa mwangwi hawezi kuwa na maisha ndani ya kuta nne.

Na papa mweupe? Mpwa wangu alimtaja kabla ya wote. Nilimwambia ukweli kwamba hatamkuta. Akwariamu ya Monterey Bay, California, ilifanikiwa kukaa na mmoja mchanga kwa siku 198 kuanzia mwaka 2004, kisha ikamrudisha baharini. Nafurahi kwamba yupo kiumbe anayetukatalia. Akwariamu hiyo hiyo nimeipenda kwa mambo mengine mawili. Fisi-maji wa baharini waliopoteza mama zao hulelewa pale na majike wasioweza kurudi baharini, wakafundishwa kupasua chaza na kaa, halafu wakaachiwa huru. Jingine ni maji yake. Mchana maji ya ghuba huchujwa ili wageni waone vizuri, usiku huingizwa bila kuchujwa, nayo hubeba viumbe vichanga visivyoonekana kwa macho. Baadhi yao hujishikiza kwenye miamba ya matangi na kukulia hapo hapo, pasipo mtu yeyote kuwaleta.

Tangi la yavuyavu nimeliweka la pili kwa sababu baada ya pweza mtoto atahitaji mahali pa kukaa tu bila kutafuta. Litazame umbo lake: halina pembe. Yavuyavu hana nguvu ya kushindana na mkondo, na akikwama kwenye kona mwili wake, ambao karibu wote ni maji, unachanika. Kwa hiyo tangi hujengwa la duara, maji yakazungushwa taratibu ili kumweka katikati. Hana ubongo, hana moyo. Mwavuli wake unajikunja, unaachia, unajikunja tena. Ukimwangalia yavuyavu wa kawaida kutoka juu utaona duara nne hafifu, kila moja imeacha uwazi upande mmoja. Hivyo ni viungo vyake vya uzazi, na mpwa wangu akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo bila kuzungusha.

Kwenye tangi kubwa tutakwenda mwisho, ingawa kutakuwa na watu. Hapo nina maelekezo machache niliyojiandikia. Tukae mbali kidogo na kioo, katikati, tuangalie mbele moja kwa moja, kwani ukitazama kwa upande sura za samaki zinapinda. Mwanga unapotoka majini kuingia hewani hukunjika, na papa aliye mita nne nyuma ya kioo huonekana kama yuko mita tatu, mkubwa zaidi ya alivyo. Kile tunachokiita kioo mara nyingi ni akriliki, aina ya plastiki ngumu ambayo hata ikiwa nene sana bado inapitisha mwanga vizuri. Dirisha kubwa la akwariamu ya Churaumi, Okinawa, lina urefu wa mita 22.5, kimo cha mita 8.2 na unene wa sentimita 60. Nyuma yake mna mita za ujazo 7,500 za maji na kina cha mita 10, kina kinachomwezesha papa potwe kusimama wima anapokula, kama afanyavyo baharini.

Ratiba ya kulisha nimeiona, na kwa makusudi tutafika pale kabla yake. Wakati wa kulisha huoni ila samaki wakikimbilia chakula, na umati umebana mbele. Kabla ya hapo ndipo utaona nani anaogelea na nani, taa gani anapenda kona gani, nani anamkwepa nani. Nitatafuta pia mlezi mmoja wa kuzungumza naye. Walezi huulizwa kila siku kama papa anakula wale wengine. Mimi nataka kuuliza habari za vichujio. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua, nayo ni sumu kwake mwenyewe. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoishi kwenye vichujio, wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali. Kichujio kipya huchukua wiki kadhaa kabla bakteria hao hawajawa wengi wa kutosha. Samaki wote wale wanategemea kundi la viumbe ambalo hakuna mgeni atakayelipiga picha, na ningependa kujua wanalitunzaje pampu zikizimika.

Mengine ni madogo: viatu vya kutembea, nguo nyeusi ili tusijione wenyewe kwenye kioo tukipiga picha, maji ya kunywa, na choo kabla ya kuingia kwa pweza.

Limebaki jambo moja ambalo nimelizungusha siku nzima. Pweza mkubwa wa Pasifiki huishi miaka mitatu hadi mitano tu, na jike akishataga hukaa na mayai yake bila kula mpaka afe. Huenda tukamkuta amezeeka, hajitokezi, au tangi limefunikwa. Jioni nilimweleza mpwa wangu yote hayo, na sehemu ya kufa pia. Alinyamaza akifikiri, kisha akauliza kama pweza mzee huwa anajua kwamba watu wamekaa naye. Nilimjibu kwamba pweza wameonekana wakiwatofautisha watu, mmoja na mwingine, hata wakiwa wamevaa sare zinazofanana. Akasema basi tukae hata kama amejificha. Tumepatana: kwa pweza hakuna saa, na atakayesema twende ni yeye.