Mwezi wa Riwaya: Kuhesabu Vitabu Hakutoshi

Mwezi ukiisha, swali la kwanza la msomaji wa riwaya huwa "nimesoma ngapi?" Ni swali halali, ila jibu lake halisemi mengi. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ni kitabu chembamba kabisa, na bado kinaweza kukushika siku nyingi kuliko riwaya ya upelelezi yenye kurasa 300, kwa sababu kila ukurasa unakutaka uurudie. Anayehesabu vitabu tu atajiona mzembe mwezi aliosoma Nagona, na hodari mwezi aliomaliza vitatu ambavyo leo hakumbuki hata jina la mhusika mkuu.

Tathmini ya mwezi huandaliwa mwezi wenyewe ukiwa unaendelea. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba kusahau huenda mbio saa na siku za mwanzo, kisha hupunguza kasi. Riwaya hukaa kichwani kuliko silabi tupu, lakini nayo huchujika: kisa kikuu hubaki, pale hasa ulipoanza kumshuku msimulizi hupotea. Kwa hiyo andika ndani ya siku moja tangu umalize kitabu. Mistari mitano inatosha.

Wengi hukosea hapa, wakaijaza mistari hiyo muhtasari wa hadithi. Andika mwandishi alifanya nini, kikakufanya nini, na ukurasa gani. Chukua madokezo mawili ya riwaya ileile. La kwanza: "Hadithi tamu, inasisimua, mwisho mzuri." La pili: "Uk. 112 barua inafunguliwa, yaliyomo hatuambiwi mpaka uk. 187. Kurasa 75 nimesoma kwa pupa nikiisaka barua, maelezo ya mandhari nimeyaruka. Nirudie sura ya 9." La kwanza ungeweza kulibandika kwenye kitabu chochote. La pili linakuonyesha taharuki ilivyojengwa na kile ilichokupitisha bila kukiona, na mwisho wa mwezi unajua pa kurudi.

Ukisoma, weka kistari kidogo cha penseli pambizoni, usipigie mstari aya nzima. Kitabu cha kuazima kitie vikaratasi. Sura moja ikiwa na alama zaidi ya kumi, ujue umeacha kuchagua.

Kumbukumbu nyingine ni ya vikao vya kusoma: tarehe, ukurasa ulioanzia, ulioishia, dakika. Inachosha siku mbili tatu za mwanzo, kisha mkono unazoea. Tuseme unakwenda kurasa 20 kwa nusu saa. Ukisoma nusu saa kila siku, siku 30 zinakupa kurasa 600, yaani riwaya mbili za kurasa 240 na nusu ya tatu. Aliyejipangia riwaya sita kwa kasi hiyo hakushindwa kusoma, alikosea hesabu. Kasi ipime mara mbili, mwanzoni na katikati ya kitabu, maana sura za kwanza huenda taratibu: majina ni mageni na hujajua nani ndugu ya nani.

Vikao hivyo pia hukwambia kitabu kilichokwama kilikwamia wapi. Ukiona pengo la siku nne au tano, fungua ukurasa ulioishia, soma kurasa mbili za nyuma yake. Kama huwajui wanaozungumza, tatizo ni wahusika kuchanganyika. Chora orodha ya majina na undugu wao ndani ya jalada la daftari, uendelee. Kama unawajua vizuri na bado hutaki kujua litakalowapata, kitabu hicho kiache bila kinyongo, ila andika ukurasa ulipokiachia na sababu. Na kama vikao vyote vya kabla ya pengo ni vya usiku wa manane, vya kurasa tatu tatu, usikilaumu kitabu. Kisome mchana kwanza.

Kusoma riwaya mbili kwa pamoja kunawezekana zikiwa mbali kwa mtindo. Mbili za nafsi ya kwanza, zote za familia, zitachanganyika kufikia wiki ya pili.

Alama za ubora, kwa wanaozipenda, zisitolewe siku ya kumaliza. Mwisho wenye kishindo hufunika sura kumi zilizopwaya, na mwisho dhaifu huchafua kitabu kizima isivyo haki. Subiri wiki moja, soma tena mistari yako mitano, ndipo utoe.

Siku ya mwisho ya mwezi tenga saa moja. Yasome madokezo yote mfululizo, ukitafuta kinachojirudia: labda kila kitabu ulichokimaliza haraka kilikuwa na mazungumzo mengi, au mara tatu umelalamikia msimulizi anayejua kila kitu. Kisha chagua riwaya mbili za mwezi ujao, moja inayofuata mkondo huo na moja inayoupinga, uanze na hiyo ya pili ungali na nguvu.