Nilivyomsomea mteja wangu nyumba kwa uniti za LUKU

"Sasa mwanangu, hizi rangirangi zinaniambia nini?"

Mama mteja wangu aliitazama skrini dakika nzima, kisha akanirudishia kompyuta. Nilikuwa nimekesha siku mbili nikizitengeneza zile grafu.

Mimi ni mchoraji ramani za nyumba, Dar es Salaam. Mama huyu, mwalimu mstaafu, alikuwa anajenga Kigamboni, na wanawe walishamchagulia mtindo: kontemporari, paa limefichwa nyuma ya ukuta, vioo vikubwa magharibi, viyoyozi vitatu. Nilijua nyumba ile itamchoma, ila "najua" ya mchoraji haimshindi mtoto aliyeona picha nzuri kwenye simu.

Programu niliyotumia kukadiria joto na umeme wa nyumba ni EnergyPlus, ya Wizara ya Nishati ya Marekani. Ipo tangu 2001 na ni ya bure. Tabu yake ni kwamba yenyewe haina sura: unailisha maandishi, inakurudishia maandishi. Ndiyo maana niliipitia kwa OpenStudio, nayo ya bure, ambayo angalau ina mahali pa kubofya. Faili la hali ya hewa ya Dar nililipakua mtandaoni: saa zote 8,760 za mwaka, jua, joto, unyevu na upepo, kutoka kituo cha uwanja wa ndege. Upepo wa uwanja wa ndege si upepo wa Kigamboni nyuma ya ukuta wa jirani, lakini pa kuanzia pakapatikana.

Mwanzoni niliingiza nyumba nzima, nikaishia kupambana na makosa mekundu wiki mbili. Nikafuta kila kitu, nikabaki na chumba kimoja, cha mama, kona ya magharibi, na swali moja: saa tatu usiku humo ndani joto ni nyuzi ngapi?

Kabla ya kuiamini programu, niliijaribu kwenye nyumba aliyokuwa amepanga, tofali za inchi sita na bati kama zile atakazojengea. Nilinunua vipimajoto viwili vya bei rahisi, kimoja chumbani, kingine kibarazani kivulini. Mjukuu wake akawa anaandika kwenye daftari saa nane mchana na saa tatu usiku, Februari, wiki mbili. Aliandika mpaka alama za nusu, na siku aliyosahau aliandika "nilisahau".

Mchana tulikaribiana. Usiku programu ilisema 28, daftari likasema 31. Nilihangaika na bati, nikahangaika na dari, wapi. Nikamweleza mama, akacheka. "Wewe umelaza watu madirisha wazi? Huku? Saa kumi na mbili tunafunga yote. Mbu, na wezi."

Kweli, nilikuwa nimeandika madirisha wazi saa 24. Nilipoyafunga kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi alfajiri, namba za usiku zikalingana na daftari, tofauti haizidi nusu nyuzi. Kosa hilo lisingeonekana kwenye mwongozo wowote.

Kuanzia hapo nilibadilisha kitu kimoja kimoja. Bati jeupe badala ya la rangi ya kahawia. Kisha paa lenye upenu wa sentimita 90 badala ya lile la kuficha. Kisha nikaigeuza nyumba, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Kwetu jua la mchana haliko mbali na utosi, Juni likiegemea kaskazini na Desemba kusini kidogo, kwa hiyo upenu unalimudu. La jioni la magharibi linakuja chini chini, linapita upenu na kufika kitandani. Mwisho nikaweka matundu marefu juu ya madirisha, yenye nondo na wavu, ya kuachwa wazi usiku kucha.

Grafu sikumwonyesha tena. Nilimwandikia kwenye karatasi uniti za mwezi za LUKU, umeme wa kulipia kabla, mtindo wa wanawe upande mmoja, wetu upande wa pili, kwa kiyoyozi cha chumba chake tu. Uniti moja ni kilowati-saa moja, na kiyoyozi cha BTU 12,000 kikihemea hula karibu uniti moja kwa saa. Zetu hazikufika nusu ya zao. Fundi naye akaongeza la kwake: ukuta wa kuficha paa unakula tofali na saruji bila kumhifadhi mtu. Hewa ukaa inayotoka viwandani saruji ikitengenezwa sikuitaja hata mara moja, ila imo kwenye mifuko ile ambayo hatukuinunua.

Wanawe walibakiziwa vioo, upande wa kaskazini. Kiyoyozi kikawa kimoja, kwingine feni.

Mwezi uliopita nilipita kumsalimia. Matundu yote yalikuwa wazi isipokuwa la chumbani kwake, kaliziba kwa boksi. Taa ya ulinzi ya jirani inammulika usoni, akasema. Jioni ile nikafungua faili, nikalifunga tundu lile, nikaiendesha upya.