Siku moja ya kujiandaa kwa mtihani wa tiba ya dharura, Lubumbashi

Saa kumi na nusu alfajiri. Maswali 30 kwa dakika 30, kitabu kimefungwa. Hatua ya kwanza ya MRCEM, mtihani wa Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Dharura cha Uingereza, ina maswali 180 kwa saa 3: dakika moja kwa swali. Nisilolijua nachagua jibu na kusonga mbele, maana kukosea hakupunguzi alama.

Saa kumi na moja. Kusahihisha, na hii ndiyo kazi yenyewe. Wengi husoma jibu sahihi, wakaitikia kwa kichwa, wakapita. Kila nililokosa naliandikia chanzo kwa herufi: M ni maarifa (sikujua), L ni lugha, V ni vizio vya vipimo, H ni haraka. Sisi tuliosomea udaktari kwa Kifaransa, L na V ndizo zinatumaliza. Maabara zetu huandika sukari kwa mg/dL, mtihani huandika mmol/L: gawanya kwa 18, basi 90 inakuwa 5. Kreatinini, kipimo cha figo, ya mg/dL zidisha kwa 88 upate mikromoli kwa lita. Shinikizo la oksijeni kwenye damu ya ateri liko kwa kPa. Mtu aliyezoea mmHg akiona 11 anashtuka, kumbe ni kama 82, hali ya kawaida.

Saa moja na nusu asubuhi, zamu. Mfukoni kadi tano tupu. Mgonjwa anayefaa anakuwa swali: mbele dalili, nyuma sababu.

Juni na Julai kadi ya kwanza karibu inajiandika. Baridi ikishika, watu huingiza mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, chumbani na kufunga dirisha. Asubuhi inaletwa familia nzima: kichwa, kutapika, kizunguzungu. Ni rahisi kusema malaria, au chakula cha jana. Lakini hakuna homa, wote wameanza pamoja, wamelala chumba kimoja. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaonyesha asilimia 98, na hapo ndipo wengi wanapotulia. Kifaa hicho hutumia mwanga wa aina mbili tu, na hemoglobini iliyoshikwa na monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu ya mkaa huo, hunyonya mwanga mwekundu karibu sawa na ile iliyobeba oksijeni. Kifaa kinazihesabu zote kuwa nzima. Kwa hiyo oksijeni inatolewa kwa maelezo ya mgonjwa, bila kungoja namba ishuke: barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kutoka. Kwa oksijeni safi, kama dakika 80. Mtihani hupenda kuuliza hilo la kifaa, na wodi nayo inalihitaji.

Saa saba mchana, chakula: bukari na sombe. Kadi zinabaki mfukoni.

Saa nane na nusu. Mtu mzima wa kilo 60, ameungua asilimia 30 ya mwili. Maji ya mshipani kwa saa 24: mililita 4 × 60 × 30 ni 7,200. Nusu, yaani 3,600, ndani ya saa 8 za kwanza. Kosa la kila mara ni kuhesabu saa hizo tangu alipofika. Zinahesabiwa tangu alipoungua: akifika baada ya saa 2, zimebaki 6, basi ni mililita 600 kwa saa. Wekundu usio na malengelenge hauingizwi kwenye asilimia. Hiyo kadi ya pili.

Saa moja usiku, anatomia. Hiyo na fiziolojia ni maswali 120 kati ya 180, na madaktari wa miaka mingi kazini ndiyo waliyoisahau zaidi. Nachora mtandao wa neva za bega, kuanzia ya tano ya shingo (C5) hadi ya kwanza ya kifua (T1), kwa dakika 3 bila kuangalia, kisha naufunga na jeraha. Mtoto ameanguka kutoka kwenye mwembe, mfupa umevunjika juu kidogo ya kiwiko: mwambie aunganishe ncha ya kidole gumba na ya shahada kufanya duara. Akishindwa, vidole vikikutana vikiwa vimelala bapa, limeguswa tawi la neva ya kati linalopita mbele ya mifupa ya kigasha. Tawi hilo halina kazi ya hisia kwenye ngozi, ndiyo maana anayemgusa mtoto vidole na kuuliza “unasikia?” anadanganyika.

Saa tatu usiku narudia makosa ya siku tatu zilizopita tu, na yale ya H nayasoma kwa sauti, neno kwa neno, hasa swali lenye “isipokuwa”.

Saa nne. Maswali 30 ya kesho yamepakuliwa kwenye simu, na simu iko kwenye chaji kabla umeme haujakatwa.